Chumba Namba Nne, Upande wa Mto

Ha Lesiba, 12 Mei 1996

Dada Nthatisi,

Nakusalimu, na mama anakusalimu. Amekaa hapa karibu na jiko, ananiambia cha kuandika, nami naandika nusu yake. Wazima tupo, ila yeye kifua. Tangu tumalize kuvuna mahindi anakohoa mpaka anashika ukuta. Mjomba Sekake ameshuka kutoka malishoni, kondoo wawili tu ndio waliokufa njiani. Mimi bado niko pale hoteli ya mlimani. Sasa napika na kutandika vitanda pia, maana yule wa vitanda aliolewa. Theluji ya kwanza imeshaonekana kileleni, na wageni wameanza kuulizia vyumba.

Mama anataka kujua mume wako ana sura gani. Miaka mitano, anasema, na hata picha hajaiona. Aliuliza pia kwa nini barua zako zinapitia shuleni unakofundisha. Nikamwambia posta ya mtaani kwenu ni mbovu. Akaitikia tu. Dada, mimi najua kwa nini zinapitia shuleni, lakini nisingependa niwe mimi wa kumwambia.

Njoo hata siku mbili. Miaka saba ni mingi.

Mdogo wako,
Keneuoe


Bloemfontein, 9 Juni 1996

Mdogo wangu Keneuoe,

Barua yako imenikuta na rundo la madaftari ya mtihani, nikaisoma katikati ya kusahihisha. Nimefurahi kusikia habari za Mjomba. Kwa kifua cha mama nimetuma sweta ya sufu kwa dereva wa basi la Butha-Buthe. Usimruhusu akae kwenye moshi.

Sasa nisikilize. Ijumaa Molefi alirudi kutoka kazini anacheka peke yake, ameficha karatasi nyuma ya mgongo. Tunatimiza miaka mitano ya ndoa, na amelipia wiki nzima ya mapumziko kwenye theluji. Nilidhani ni upande huu wa mpaka. Akasema, "Nataka kuiona nchi yako, mke wangu. Hujawahi kunipeleka." Ni hoteli yako, Keneuoe. Huko juu hakuna nyingine. Nimemwambia baridi inaniumiza mifupa, nimemwambia barabara ya milimani inaua watu. Alicheka, kesho yake akaja na makoti mawili mapya.

Unajua nilimwambia nini tulipokutana. Kwamba mimi ni yatima, nililelewa na masista wa misheni, sina mtu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, niko mezani kwa baba yake, na baba yake ni mchungaji. Ningemwambiaje kwamba mama yangu anapika pombe na kuiuza, na baba zetu hatuwajui? Nilisema uongo mmoja, nikadhani nitaurekebisha baadaye.

Nakuomba. Tukifika, hunijui. Niite Bi Rantsane kama unavyowaita wageni wengine. Wala mama asijue kwamba nipo. Nitatafuta nafasi nije kumwona peke yangu jioni moja. Naapa.

Barua hii uichome.

Dada yako,
Nthatisi


Ha Lesiba, 23 Juni 1996

Dada,

Salamu. Barua nimeichoma.

Nimewaandikia chumba namba nne. Kina kitanda kizuri na kinatazama upande wa mto. Ukifungua pazia utaiona nyumba ya mama, ile yenye mlango wa buluu. Usipotaka kuiona, pazia lenyewe ni zito.

Mama haamki tena asubuhi. Mjomba alimleta muuguzi wa zahanati kwa farasi, naye akasema ni mapafu. Sweta imefika. Amekataa kuivaa, analala ameikumbatia.

Karibuni sana, Bi Rantsane.

Keneuoe


Bloemfontein, 21 Julai 1996

Mdogo wangu mpendwa,

Tulifika salama. Ile Jumapili barabara ilipofunguliwa tuliteremka polepole nyuma ya greda, na kufika usiku tukakuta mabomba ya nyumbani yamepasuka kwa baridi. Fundi amekuja mara mbili. Shule zimefunguliwa, nina darasa la watoto hamsini na mmoja, na nimepata mafua.

Molefi hajamaliza kuisifu safari. Anamwambia kila mtu habari za theluji, za farasi wenye manyoya kama kondoo, na supu yako. Anasema hajawahi kula supu kama ile.

Nakushukuru kwa jinsi ulivyojizuia. Najua haikuwa rahisi. Yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyaandika kwenye karatasi. Pole kwa yote.

Nitakuandikia tena nikipata nguvu.

Nthatisi


Ha Lesiba, 11 Agosti 1996

Dada Nthatisi,

Salamu. Mjomba mzima. Theluji imeyeyuka upande wa jua, upande wa kivuli bado. Nasikitika kusikia habari za mabomba yenu.

Umesema pole kwa yote. Wewe huwezi kuyaandika, basi nitayaandika mimi, ili angalau yawe mahali fulani.

Mlifika Jumapili mchana. Mumeo alinipa mkono, akauliza jina langu, akakwambia, "Huyu anaitwa Keneuoe." Wewe ulitazama viatu vyangu. Jumatatu theluji ikaanguka mpaka barabara ikapotea, nanyi mkatoka nje kucheza. Alikufukuza na donge la theluji kuzunguka zizi la farasi, ukacheka kile kicheko chako cha kukatika pumzi. Nilikuwa nimekimbia nyumbani kumpa mama uji. Hewa ya theluji inabeba sauti. Mama akaniuliza, "Nani anacheka?" Nikamwambia, "Wageni."

Jioni ile nilikuletea maji ya moto chumbani. Mumeo alikuwa chini, anaota moto na Ntate Ramakatsa, meneja wetu. Nilikwambia mama anakutaja jina, na farasi ana tandiko tayari. Kuvuka mto ni robo saa. Ulikuwa umekaa mbele ya kioo, una chupa ya mafuta mkononi. Ukasema, "Kesho. Nikitoka sasa atauliza naenda wapi. Kesho, Keneuoe, naapa."

Jumanne mchana mama alikufa.

Mjomba alikuja mpaka mlango wa jikoni, theluji magotini. Alivua kofia tu, na mimi nilikuwa nakoroga supu yenu. Ntate Ramakatsa akaniambia niende nyumbani. Nikamwomba niandae meza kwanza. Nilitaka uisikie kwangu.

Nadhani unakumbuka, lakini naandika. Nilipoweka mabakuli, mumeo aliniangalia usoni akasema, "Dada, una nini?"

"Kuna msiba ng'ambo ya mto, bwana. Mama yangu amefariki."

Akaweka kijiko chini. "Leo? Na bado unatuhudumia?" Kisha akasema, "Jina lake nani? Tungependa kumwombea."

Nilikutazama. Ulikuwa unaukata mkate vipande vidogo.

"Mama Nthatisi," nikasema.

Akakugeukia. "Umesikia? Ni jina lako."

Nawe ukasema, wala sauti haikutetemeka, "Huku ni jina la kawaida." Halafu ukaniomba chumvi.

Nilikuletea. Ukainyunyiza, ukanywa supu mpaka bakuli likaisha.

Jeneza halikuweza kupanda kutoka Butha-Buthe. Ntate Ramakatsa alitupa mbao za kitanda kilichovunjika. Ardhi ilikuwa imeganda kiasi kwamba mtaimbo unaruka. Wanaume wakawasha moto wa samadi kavu juu ya mahali pa kaburi, wakauchochea siku mbili, wakachimba kidogo kidogo. Muda wote huo nilikuja kazini, nikakutandikia kitanda. Ulikuwa ukiingia bafuni kila nilipoingia chumbani.

Jumamosi mumeo alivuka mto kwa farasi wa hoteli. Alisema wewe kichwa kinakuuma. Alibeba mfuko wa makaa ya mawe kama rambirambi. Mjomba aliposimama kuwataja watoto wa marehemu, nilikuwa nimeshamwomba ataje mmoja. Akataja mmoja. Kisha mumeo akapokea beleshi mkononi mwa Mjomba, akamwaga udongo mpaka koti lake jipya likalowa jasho mgongoni. Alikuwa na kamera, lakini aliomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Tulipotoka kaburini alinawa maji ya mshubiri pamoja nasi, akala nyama chini kama sisi. Alipoondoka Mjomba akasema, "Yule mgeni ana utu." Nikamwambia ndiyo, anao.

Pazia la chumba namba nne lilikuwa wazi siku ile. Nililiona tangu makaburini.

Sina la kuongeza.

Keneuoe


Bloemfontein, 8 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Nakusalimu na kumsalimu Mjomba, kama bado anazitaka salamu zangu. Barua yako niliisoma chooni shuleni, nikashindwa kurudi darasani. Walimu wenzangu walidhani nina mimba. Sina.

Sitasema sikufanya. Nataka tu ujue kuhusu chumvi. Ulipolitaja jina la mama nilijua kwamba nikifungua mdomo litatoka jambo, na sikujua litakuwa jambo gani. Chumvi ndilo neno nililoliona mbele yangu, nikalishika. Baada ya hapo nikaona nimeshasema, na supu ipo. Ile supu niliinywa kama mtu anayekunywa sumu aliyoandikiwa na daktari. Usiku nilitapika yote. Molefi alinishika kichwa, akadhani ni baridi.

Dirishani nilikuwepo, ndiyo. Nilimwona anamwaga udongo.

Sasa kuna jambo jingine. Molefi amesafisha picha. Moja imetoka vizuri kupita zote: mstari wa watu wenye blanketi juu ya theluji, farasi nyuma, jeneza mabegani, na wewe mbele umeinamisha kichwa. Ameipeleka ikakuzwa ukubwa wa meza, akaitia fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya kochi. Kila mgeni anaisifu. Baba mkwe alisimama mbele yake Jumapili nzima baada ya ibada. Aliniambia, "Binti, watu wa kwenu wanajua kuzika." Wakitaka maelezo wananigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyezaliwa huko. Nawaeleza habari za blanketi. Jumamosi naipangusa vumbi.

Nijibu swali moja tu, sitakuomba jingine. Mama alijua kwamba nipo pale? Ulimwambia?

Nthatisi


Ha Lesiba, 6 Oktoba 1996

Dada,

Salamu. Mifyulisi imechanua mapema, na jana mvua ya mawe imeangusha maua yote. Mjomba amemaliza kunyoa kondoo, mgongo unamuuma. Hotelini wanapaka rangi paa. Chumba namba nne wamekigeuza stoo ya mashuka kwa muda.

Kwenye hiyo picha, mimi nimevaa blanketi gani? Siku ile siikumbuki vizuri. Sikumbuki hata kama nilivaa viatu.

Swali lako nimelisoma.

Keneuoe


Bloemfontein, 17 Novemba 1996

Mdogo wangu Keneuoe,

Salamu. Joto limeanza hapa. Sina habari nyingine za nyumbani isipokuwa hii.

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili iliyopita, kuna wageni wawili, wapima ardhi wenzake. Mmoja aliuliza yule mwanamke wa mbele ni nani. Molefi akaanza kusimulia habari za mpishi aliyewahudumia watu siku aliyofiwa na mama yake. Alisimulia kwa heshima, machozi yanamlengalenga. Nikasema, "Ni mdogo wangu." Wakacheka, wakidhani nasema kwa upendo tu. Nikarudia, "Ni mdogo wangu. Aliyemo kwenye jeneza ni mama yangu."

Wageni waliondoka bila kumaliza chai.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliishusha picha ukutani, akaiegemeza kule koridoni, uso ukitazama ukuta. Akakaa. Akasema, "Nilimzika mama mkwe wangu, na wewe ulikuwa juu na mafuta yako ya uso."

Nikamwambia nilikuwa naogopa.

"Uliogopa nini? Mimi?" akasema. "Nimewahi kukufanya nini?"

Kweli, Keneuoe. Hajawahi kunifanya kitu. Tangu siku ile analala chumba cha wageni. Ananiambia asubuhi njema, ananiuliza kama nimekula. Hataki kuguswa. Juzi nilimsikia anamwambia baba yake kwa simu, "Nikiugua mimi, sijui atawaambia watu mimi ni nani."

Nakuja Jumamosi ya tarehe 14 Desemba. Nataka kupiga magoti kaburini. Nilimwomba Molefi twende wote, kwani yeye anapajua, alipafukia kwa jasho lake. Akasema, "Sitakuonyesha mimi kaburi la mama yako. Kamwombe mdogo wako." Atanifikisha Butha-Buthe kwa gari, kisha atageuza.

Nisubiri nyumbani. Nitukane nikifika, nipige, ila uwepo.

Nthatisi


Butha-Buthe, 15 Desemba 1996

Keneuoe,

Naandika magotini, kituo cha basi, kwa kalamu ya kuazima. Salamu sina.

Hukuwepo. Hotelini walisema uko likizo. Mlango wa buluu ulikuwa na kufuli jipya. Mjomba, walisema, yuko malishoni na hajulikani atashuka lini. Watoto walinifuata nyuma wakinong'ona. Hakuna aliyenikaribisha hata maji.

Nilikwenda makaburini mwenyewe. Unajua palivyo, marundo ya mawe, mengine hayana hata jina. Nilizunguka mara tatu. Kulikuwa na mama mmoja anachota maji chemchemini, nikamwuliza kaburi la Mama Nthatisi ni lipi. Alinitazama kwa muda. Kisha akaonyesha kwa kidole, lile la pembeni, lenye mawe makubwa yaliyopangwa vizuri. Nikasema moyoni, Keneuoe amempangia mama vizuri.

Nilitandika blanketi nililomnunulia. Nililala kifudifudi juu yake. Nilimwambia yote, Keneuoe, tangu uongo wa misheni, tangu meza ya mchungaji, mpaka chumvi. Niliongea mpaka koo likakauka. Niliyabusu mawe. Nilipoinuka nilijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Nikiwa njiani kurudi barabarani nikakutana na Mjomba juu ya farasi, kumbe ameshuka. Hakuteremka. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, nikamweleza kaburi lilivyo. Akaniuliza tena, mawe makubwa, pembeni? Nikasema ndiyo. Akasema, "Hilo ni la Mokhachane."

Mokhachane, Keneuoe. Askari wa jumbe aliyekuwa akija kumwaga pombe ya mama mbele ya watu, sisi tumeshika sketi yake. Aliyemlazimisha apige magoti azoe matope ya pombe yake mwenyewe. Nimemtandikia blanketi. Nimembusu.

Nilimsihi Mjomba anionyeshe la kweli. Akasema hilo ni la kwako wewe, Keneuoe, kuonyesha, si lake. Basi likapiga honi, nalo ndilo la mwisho.

Nitarudi Pasaka. Yule mama alikosea, simlaumu, labda hakusikia vizuri. Wewe niandikie tu: ni lipi? Kutoka chemchemini, upande gani, la ngapi? Mstari mmoja unatosha.

Nthatisi


Ha Lesiba, 12 Januari 1997

Dada Nthatisi,

Salamu za mwaka mpya. Mjomba mzima. Mahindi yamefika kiunoni. Sikuwa likizo.

Mama Tlaleng hakukosea. Anasikia vizuri kuliko mimi na wewe. Nilimwomba mimi asimame pale chemchemini tangu asubuhi, na nikamwambia akuonyeshe lipi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa zizi la Mjomba. Nilikuona ukitandika blanketi. Upepo ulikuwa unakuja upande wangu, nikasikia karibu yote uliyosema. Ningeweza kuja kukusimamisha. Nilikaa mpaka ukamaliza.

Nilifikiri nitafurahi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo mwezi mzima, tangu barua yako. Sikufurahi. Lakini nisikudanganye pia, sikujuta.

Kuhusu mama, nilimwambia. Jumatatu usiku, niliporudi kutoka chumbani kwako. Nilimwambia anayecheka ni wewe. Nikamwambia umesema kesho. Aliniomba nimsogeze karibu na mlango, na mlango uwe wazi, baridi au si baridi. Nikaufungua. Asubuhi alikuwa ameshindwa kusema. Kwa hiyo usiseme ni wewe peke yako uliyefanya. Nimeishi na mlango huo miezi sita, sasa chukua upande wako.

Unauliza kaburi ni lipi. Lilikuwa na msalaba, wa mbao zilezile za kitanda, Mjomba aliuchonga na kuandika jina kwa msumari wa moto. Jina lenyewe unalijua, ndilo lako. Siku niliyopata barua kwamba unakuja nilikwenda kuung'oa ili usilione. Nilidhani nitaurudisha ukishaondoka. Lakini jioni ile ilinyesha, kuni zote zililowa, na mbao hizo zilikuwa kavu. Nikaziwasha.

Mawe ya pale yanafanana. Wiki iliyopita ng'ombe walipita makaburini wakatawanya marundo kadhaa. Nilikwenda kulipanga upya la mama. Nilisimama pale, dada, na mawe mikononi, na sikujua niyaweke wapi.

Keneuoe